UKUTA ULIOINAMA
Somo juu ya dhamana ya nyumba wanazokaa watu



Katika darsa zetu tumefika mlango wa dhamana, na humo tumesoma mas-ala ambayo wanafunzi wengi huyapita mbio wakidhani ni mambo ya kale. Nayo ni mas-ala ya ukuta ulioinama. Mtu ana ukuta kando ya njia. Ukuta ukawainamia wapitao. Kisha siku moja ukaanguka ukamuua mtu. Je, mwenye ukuta ana dhamana, au atasema, "Mimi sikuusukuma," yakaisha?

Wanavyuoni hawakujibu kwa neno moja. Wa madhehebu yetu ya Shafii wametafautisha: aliyeujenga tangu mwanzo ukiinamia njia ya watu ni mdhamini, amma uliojengwa sawa kisha ukainama wenyewe, wana maneno juu yake. Mahanafi wameweka sharti lililo wazi: mwenye ukuta akiisha kuonywa, naye ana uwezo na nafasi ya kuubomoa, asiubomoe, basi dhamana ni juu yake. Tazama jinsi onyo lilivyombadilisha mtu huyu. Jana alikuwa mtu asiyejua. Leo ni mtu aliyejua akanyamaza.

Kuta za zama zetu ni ndefu kuliko zile walizoziona wanavyuoni hao, na waliomo ndani yake ni wengi. Kwa hivyo yapasa tuyatie mas-ala haya katika mambo tuyaonayo.

KISA CHA LONDON

Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, nao ulikuwa usiku wa Ramadhani, jokofu lilishika moto katika jiko la nyumba moja ya ghorofa ya nne, jengo la Grenfell, London. Jengo hilo lilikuwa na ghorofa 24 na ngazi moja tu. Moto wa jokofu moja haukupasa kutoka katika jiko lile. Lakini miaka michache kabla yake jengo lilikuwa limevishwa kwa nje mabamba ya alumini yaliyotiwa plastiki ndani. Moto ulipotoka dirishani ukaikuta plastiki ile, ukapanda mpaka juu kwa muda usiotimu nusu saa. Wakaazi walikuwa wameambiwa wabaki vyumbani mwao, na shauri hilo halikuondolewa mpaka karibu saa mbili zikapita. Wakafa watu 72, na miongoni mwao watoto 18. Waislamu walikuwa wengi mle, na baadhi ya waliokuwa macho kwa ajili ya daku ndio waliowagongea jirani zao milango.

Je, ukuta huu ulikuwa umeonywa? Naam. Mwaka 2009, katika mji ule ule, jengo jingine la makazi liitwalo Lakanal House liliungua wakafa watu sita, na mwaka 2013 yakatolewa mashauri ya kuzuia msiba kama ule usirudi. Wakaazi wa Grenfell wenyewe walikuwa wamelalamika juu ya usalama wa jengo lao kabla ya moto. Serikali ikaunda tume chini ya jaji Sir Martin Moore-Bick, nayo ikatoa ripoti yake ya mwisho tarehe 4 Septemba 2024. Ripoti ilisema kuwa vifo vyote vile vingaliweza kuepukwa. Ikaonyesha kosa la serikali, kosa la baraza la mtaa, kosa la wachoraji ramani na wajenzi, na udanganyifu wa waliotengeneza na kuuza vifaa vile.

Lakini litazameni jambo moja ndani ya kisa hiki. Mbele ya tume, kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole. Mchoraji alimtegemea mjenzi, mjenzi akamtegemea muuzaji, muuzaji akasema mkaguzi alikubali, mkaguzi akasema kanuni hazikuwa wazi. Ripoti hiyo ilipotoka ilikuwa imepita miaka saba, wala hapana mtu hata mmoja aliyekuwa ameshtakiwa kwa vifo vile. Dhamana iliyogawanywa kwa watu wengi ilionekana kama kwamba imeyeyuka. Na hili ndilo kosa tutakalo kulibainisha: dhamana haigawanyiki ikawa ndogo. Kila aliyepewa sehemu ya kazi amebeba sehemu ile kwa ukamilifu wake, hata wakiwa wenzake kumi wamekhini.

KISA CHA HAPA KWETU

Asidhani mtu kuwa haya ni ya Wazungu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi iliripuka Embakasi, Nairobi, mahali palipokuwa pakijazwa mitungi karibu na nyumba za kukaa. Moto uliruka ukaingia majumbani, watu wakafa, na waliojeruhiwa wakapindukia 200. Asubuhi yake mamlaka ya nishati ikaeleza kuwa mwaka 2023 ilikataa mara tatu maombi ya kujenga mahali pale, kwa kuwa ni karibu mno na watu. Lakini mamlaka ya mazingira ilikuwa imetoa ruhusa yake, kisha baada ya maafa yenyewe ikakiri kuwa ruhusa ile haikutolewa kwa njia iliyo sawa, na maofisa wake wakasimamishwa kazi. Idara moja imekataa, ya pili imekubali, na gesi ikajazwa. Aliyekataa hakufunga, na aliyekubali hakutazama.

Barabara ya mzunguko wa mashariki itokayo pande hizo za Embakasi ndiyo ifikayo Ruiru. Kutoka Ruiru mpaka Thika, khasa tangu barabara kuu ilipopanuliwa mwaka 2012, mashamba yamegeuka majumba ya kupangisha, ghorofa juu ya ghorofa, dirisha likitazama dirisha. Katika kaunti hiyo hiyo ya Kiambu, mwezi wa Septemba 2022, jengo lililokuwa likijengwa Kirigiti liliporomoka likaua watu watano. Kwa Katiba ya 2010, kuidhinisha ramani za ujenzi na kuzima moto ni kazi za kaunti. Wajenzi husimamiwa na mamlaka ya ujenzi ya taifa. Na tangu Machi 2025 zatumika kanuni mpya za ujenzi badala ya zile za mwaka 1968. Basi sheria zipo na wasimamizi wapo. Linalotakiwa ni mtu wa kusema, "Hili ni langu."

NILIYOYAONA

Wengi katika sisi watu wa pwani tumewapeleka vijana wetu kusoma katika vyuo vya Thika na Juja. Nami nilimpeleka mpwa wangu, nikampangia chumba Ruiru, ghorofa ya tano. Nakiri mbele yenu kuwa niliuliza kodi, nikauliza maji, nikauliza msikiti uko wapi. Sikuuliza juu ya ngazi.

Nilipokwenda kumtazama nililala kwake. Usiku nikataka kushuka, nikakuta mlango wa chini umefungwa kwa kufuli. Ngazi ilikuwa moja, na chini yake imepangwa mitungi ya gesi na pikipiki. Madirisha yote yalikuwa na vyuma visivyofunguka. Asubuhi nikamuuliza mlinzi, akasema ufunguo ni amri ya mwangalizi. Mwangalizi akasema ni amri ya wakala. Wakala akasema mwenye nyumba ndiye atakaye hivyo kwa kuogopa wezi. Mwenye nyumba, nilipompata kwa simu, akanijibu kwa adabu kabisa, "Sheikh, kaunti imepita hapa wala haikusema kitu." Nikakumbuka vile vidole vya London.

Nikamwambia mpwa wangu akusanye vitu vyake, nitamtafutia kwengine. Akaniuliza, "Ami, na hawa jirani zangu?" Sikuwa na jawabu.

SUALI NA JAWABU

Suali: Je, ajali si kadari ya Mungu?

Jawabu: Kila kitu ni kwa kadari yake, lakini kadari haikupata kuwa hoja ya mwenye ukuta mbele ya kadhi. Lau ingalikuwa hoja, mlango mzima wa dhamana ungalifutwa katika vitabu. Twasubiri kwa msiba uliotufika, na twamuuliza aliyeusababisha. Mambo haya mawili hayapingani.

Suali: Mpangaji maskini afanye nini, naye akisema atafukuzwa?

Jawabu: Asiseme peke yake. Wapangaji waandike pamoja, wataje kasoro moja moja na tarehe, watie sahihi mbele ya mashahidi, nakala moja wampe mwenye nyumba na ya pili waipeleke kaunti. Mahanafi walipotaka ushahidi juu ya onyo walikuwa na hekima: onyo la mdomo hukanushwa, la maandishi hubaki.

Suali: Na sisi tusiokaa Ruiru?

Jawabu: Tuanze kwetu. Ni nyumba ngapi za wakfu, mabweni ya madrasa na nyumba zetu za kupangisha, Mombasa, Malindi na Lamu, zina mlango mmoja na kufuli usiku? Msimamizi wa wakfu amebeba amana mara mbili, ya mali na ya roho. Kabla ya kuuliza kodi ya mwezi imeingia, na aulize: moto ukizuka saa nane za usiku, mtoto wa ghorofa ya juu atatokea wapi, na ufunguo uko kwa nani?

KHATIMA

Wazee wetu walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Maneno ya kweli, ila ukuta hujengwa mara ya pili, na roho haijengwi.

Mpwa wangu hakuhama siku ile. Yeye na jirani zake walikaa wakaandika waraka, wakataja kufuli, mitungi, vyuma na ngazi, wakatia sahihi watu kumi na wanne, nami nikawa shahidi mmoja wao. Mitungi imeondolewa. Kufuli lingalipo, na waraka wa pili umekwisha kuandikwa. Mwenye nyumba hawezi kusema tena kuwa hakujua. Na nasi tuliousoma mlango huu hatuwezi kusema hivyo.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa, na atujaalie kuzitekeleza amana zetu kabla hatujaulizwa. Amin.