Toa ya Nyumbani Kwanza: Kijitabu cha Afya kwa Kaya za Rhotia

Kijitabu hiki ni cha kusomwa jikoni. Kimeandikwa kwa ajili ya kaya za Rhotia Kati, Kilimatembo, Rhotia Kainam na majirani wao wote wa kando ya barabara iendayo Karatu. Ni vizuri asome mmoja na wengine wasikilize, kwa sababu mengi yaliyomo hayaamuliwi na mtu mmoja. Mama akibakiza maziwa ambayo baba ameshamwahidi mnunuzi, kitakachofuata ni ugomvi, na ugomvi nao unaumiza afya.

Hoja yetu ni moja. Mwaka ukiwa na mvua, shamba la Rhotia linatoa karibu kila kitu ambacho mwili unahitaji: mahindi, maharage, mbaazi, maboga, viazi. Zizini kuna maziwa, kuku wanataga, na bustani zetu zinalisha hata hoteli za watalii waendao Ngorongoro. Tatizo huanza pale vitu hivi vinapotoka mlangoni vyote. Yanauzwa mayai, yanarudi maandazi. Yanauzwa maziwa, inarudi soda. Hatupingi biashara; ada ya shule hailipwi kwa mbaazi za kuchemsha. Tunachoomba ni mpangilio: kabla ya kuuza, toa ya nyumbani.

Sehemu ya nyumbani ni kiasi gani?

Watu wengi hubakiza kidogo kwa kukisia, kisha ikifika Januari mfuko uko mtupu. Tupige hesabu. Kaya ya watu sita, kila mmoja akila gramu 50 za maharage au mbaazi kavu kwa siku, itatumia gramu 300. Kwa mwaka ni karibu kilo 110, yaani gunia moja lililojaa. Gunia hilo lifungwe, liwekwe alama, na lisiguswe siku ya mnada hata bei ikipanda.

Mbaazi tunazitaja kwa makusudi. Wakulima wengi wa Karatu wanazipanda katikati ya mahindi kwa ajili ya kuuza tu, kana kwamba si chakula cha watu. Agosti 2017 India, ambayo ndiyo mnunuzi wetu mkubwa, iliweka kikomo kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei huku kwetu ikaporomoka. Kwa aliyezoea kuzila, zilibaki na thamani yake: gramu 100 za mbaazi kavu zina takriban gramu 20 za protini, na mtoto wako anajengeka kwazo bila kujali India imeamua nini.

Namna ya kuzipika: zichambue, ziloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha chemsha kwa maji mapya hadi zilainike kabisa. Kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo, changanya, na mwishoni tia majani ya maboga, mnavu au mgagani. Chumvi itiwe mwisho, kidogo. Kuloweka kunakuokolea kuni nyingi, na pia kunakuondolea haja ya magadi. Magadi hulainisha haraka, ni kweli, lakini yana sodiamu kama chumvi, na katika ukanda wetu mara nyingi hubeba floraidi nyingi, ile ile inayoyatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Makande ya bibi yalikuwa matamu hata hivyo, tunajua. Yajaribu bila magadi kwa majuma machache, ulimi huzoea.

Jambo dogo lenye faida kubwa: chai isinywewe pamoja na chakula. Chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga, na mama mjamzito ndiye anayeumia zaidi. Ngoja kama saa moja baada ya kula. Badala yake kula pera, chungwa au papai. Matunda hayo husaidia chuma kuingia mwilini.

Mtoto anyonye maziwa ya mama tu hadi atimize miezi sita, bila maji wala uji. Baada ya hapo uji wa mahindi matupu haumtoshi. Uongezewe maziwa yaliyochemshwa au karanga zilizosagwa, na yai la kuku wenu liwe lake kabla halijawa la mnunuzi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakiwemo watoto wa mikoa inayolima sana. Kwa hiyo ghala lililojaa halimaanishi kwamba sahani ya mtoto nayo imejaa.

Mahindi yenye ukungu

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 20 hivi walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Manyara ni jirani zetu wa karibu na mahindi yao hayana tofauti na yetu. Sumu hii hutoka kwa ukungu. Haiondoki kwa kuchemsha, na unga wake unaweza kuonekana mzuri tu.

Kausha mahindi juu ya turubai, yasianikwe juu ya udongo. Kabla ya kuyahifadhi, yapime hivi: chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, funika, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Ikianguka chini yote, yako tayari kwa mifuko ya kinga njaa. Punje zilizooza au zenye rangi ya kijani au nyeusi zitupwe kabisa. Wengi huwapa kuku, lakini sumu hiyo inawadhuru kuku pia, na ng'ombe akiila hupita hadi kwenye maziwa.

Maziwa na kitimoto

Chemsha maziwa. Tunajua wapo wazee watakaosema waliyanywa mabichi tangu utotoni na bado wanatembea. Wale ambao hawakufika uzeeni hawapo kutusimulia. Maziwa mabichi huweza kuleta kifua kikuu na brusela, ugonjwa unaomfanya ng'ombe atupe mimba na unaomtesa binadamu kwa homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo na mgongo. Mgonjwa hupimwa malaria, haionekani, anarudi nyumbani na dawa za maumivu, na homa inarudi. Ukifika kituoni na homa ya namna hiyo, mwambie mganga kwamba unafuga na kama mlikunywa maziwa mabichi. Usisubiri akuulize.

Na mtindi? Kuganda hakuui vijidudu hivyo vyote. Chemsha kwanza, acha maziwa yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha tia kijiko cha mtindi wa jana ili ugandishe. Ladha haipotei. Ng'ombe akizaa au akitupa mimba, kondo lisiguswe kwa mikono mitupu. Tumia glavu au mfuko wa plastiki usiotoboka, ulizike shimoni, mbwa wasilifikie.

Kwa walaji wa kitimoto: nyama iive hadi ndani, isibaki na wekundu wala damu. Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha binadamu chenye mayai ya tegu, na nyama yake hujaa malengelenge madogo meupe. Mtu akiila ikiwa mbichi, tegu hukua tumboni mwake. Naye asipotumia choo na kunawa mikono, mayai hayo hufika kwenye chakula cha nyumbani. Mayai yakimezwa, viluwiluwi vyake huweza kusafiri hadi kwenye ubongo na kusababisha kifafa. Ugonjwa huu umechunguzwa sana Mbulu, wilaya ambayo zamani Karatu ilikuwa sehemu yake. Basi nguruwe afungiwe bandani, choo kitumike, na mwenye kifafa apelekwe hospitali. Kifafa si laana wala hakiambukizwi kwa mate. Kuna dawa, na watoto wengi wanaozitumia kila siku hurudi darasani.

Moshi

Juni hadi Agosti Rhotia ni baridi, na moto unaingia ndani pamoja na watu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi na hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani, wakiwemo watoto wengi wa chini ya miaka mitano. Serikali nayo ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mtungi wa gesi ukipatikana ni jambo jema. Mwenye ng'ombe wawili watatu wa bandani aulizie pia mtambo wa gesi ya samadi.

Ila hatuwezi kumwambia mtu asubiri 2034. Kuanzia leo: kuni ziwe kavu, jiko banifu lichukue nafasi ya mafiga matatu, dirisha la jiko liachwe wazi, na mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika. Jiko la mkaa lisilale chumbani na watu hata kama makaa yanaonekana yamezimika. Hewa yake haina harufu, na inaua familia nzima kabla hajaamka hata mmoja.

Kazi, kupumzika na presha

Ushauri wa mazoezi unaosikika redioni uliandikwa kwa watu wa ofisini. Mama aliyeteka maji alfajiri, akapalilia, akakata majani ya ng'ombe na bado anapika usiku, hahitaji kuambiwa atembee dakika 30. Anahitaji kukaa. Dawa yake ni wana na baba kuchukua ndoo, na hilo tunaliandika hapa kama ushauri wa afya kamili, sawa na chanjo.

Wanaohitaji kutembea ni madereva wa magari ya watalii, vijana wa bodaboda na wenye maduka, wanaokaa tangu asubuhi. Kwao kipimo ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaohemesha kidogo. Lakini wasidhani kwamba kutembea kunafuta chipsi na bia. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake walipima Wahadzabe 30, majirani zetu wa Ziwa Eyasi, na mwaka 2012 wakatangaza jambo lililowashangaza wengi: ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati wanayotumia kwa siku inakaribiana na ya watu wa Marekani na Ulaya, ingawa wao hutembea kutwa wakiwinda na kuchimba mizizi. Kutembea kunaulinda moyo. Unene unaamuliwa zaidi na sahani.

Chumvi kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukijumlisha ile ya viungo vya pakiti. Soda ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko vya chai vinane au tisa. Presha haina dalili kwa watu wengi, hivyo kila aliyevuka miaka 40 apime kituoni angalau mara moja kwa mwaka. 140 kwa 90 au zaidi, ikirudiwa siku nyingine ikawa vile vile, inahitaji matibabu. Dawa za presha haziachwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa kuwa anazitumia.

Pombe hatutaiongelea sana, kila kaya inajua inavyomaliza mauzo ya mavuno. Tuseme hili tu: gongo haijulikani usalama wake kwa harufu wala kwa kuiwasha moto, na huweza kupofusha.

Furaha nayo itengewe sehemu

Ukiuza muda wote kama unavyouza mayai yote, nyumba inabaki na watu wanaoishi pamoja bila kujuana. Mlo wa jioni uliwe pamoja, simu zikiwa mbali. Kwaya, mpira wa jioni, kusaidiana kuvuna kwa zamu kisha kula na kuimba: haya wazee wetu waliyafanya bila kuambiwa na daktari. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kila mwaka. Mzee aliyebaki na boma peke yake, watoto wakiwa Arusha, apelekewe mjukuu wa kumsomea na kumchotea maji. Watafaidika wote wawili.

Huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili au zaidi, kukosa usingizi, kutotamani chakula wala mazungumzo, ni ugonjwa unaotibika. Uitwe sonona, upelekwe kituoni. Anayesema maisha hayana maana au anatamani kufa asiachwe peke yake, na asikemewe.

Usisubiri asubuhi

Mpeleke mtoto kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata usiku, akiwa anapumua haraka au mbavu zinabonyea akivuta pumzi, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea na haamki vizuri. Mjamzito anayetoka damu, anayeumwa kichwa sana huku macho yakiona ukungu, au aliyevimba uso na mikono, naye aondoke mara moja. Mjadiliane sasa, mkiwa wazima: gari au pikipiki ya nani itapigiwa simu, fedha za akiba ziko wapi, na nani atabaki na watoto. Namba ya dereva iandikwe ukutani kwa mkaa, karibu na mlango, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuisoma.