Kuyageuza Mafuta ya Kukaangia Kuwa Dizeli

Mjini Morogoro, kutoka Msamvu hadi sokoni, chipsi, maandazi na samaki hukaangwa kila siku. Mafuta yaliyochakaa yakimwagwa mtaroni, mvua huyachukua hadi Mto Morogoro uteremkao kutoka Milima ya Uluguru. Mto huo huingia Ngerengere, nao Ngerengere huingia Ruvu, unaowapatia maji wakazi wa Dar es Salaam. Je, mafuta hayo yaweza kuendesha injini badala ya kutupwa?

Mwaka 1900, katika Maonyesho ya Paris, injini ya aina iliyobuniwa na Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Hata hivyo, mnato wa mafuta ya mimea huzidi ule wa dizeli mara kumi au zaidi. Yakitiwa yalivyo katika injini ya leo, nozeli hazinyunyizi vema, mafuta hayaungui yote, na masizi hujikusanya.

Chanzo cha mnato huo ni ukubwa wa molekuli: minyororo mitatu ya asidi za mafuta imefungwa kwenye glisarini moja. Methanoli ikichanganywa na mafuta katika joto la karibu nyuzi 60 za Selsiasi, pamoja na kostiki soda kama kichocheo, kila mnyororo huiacha glisarini na kuungana na methanoli. Mathalan, gramu 885 za trioleini na gramu 96 za methanoli hutoa gramu 889 za dizeli ya mimea na gramu 92 za glisarini. Kwa vitendo, methanoli hutiwa karibu maradufu ili badiliko likamilike. Glisarini, iliyo nzito, hutuama chini.

Mafuta yaliyotumika yana tatizo lake. Joto la kikaango na maji ya viazi huzivunja baadhi ya molekuli na kuacha asidi huru. Asidi hiyo huila kostiki na kufanya sabuni, nayo sabuni huzuia glisarini isijitenge. Kwa hiyo mafuta hayana budi kuchujwa, kukaushwa maji, kisha kupimwa.

Mililita 1 ya mafuta huyeyushwa katika mililita 10 za alkoholi ya isopropili, na kutiwa matone machache ya fenolfthaleini. Kisha hudondoshewa maji ya kostiki yenye gramu 1 kwa lita, hadi rangi ya waridi idumu. Mafuta mapya huhitaji kostiki gramu 3.5 hivi kwa lita. Kila mililita iliyodondoshwa huongeza gramu 1. Zikitumika mililita 2, lita moja itahitaji gramu 5.5.

Tahadhari: methanoli ni sumu iwezayo kupofusha, na mvuke wake hushika moto upesi, kostiki huunguza ngozi na macho. Wanafunzi wafanye upimaji tu, tena mbele ya mwalimu. Wala maji ya kuoshea dizeli yasimwagwe mtaroni, kwani mto ulioepushwa na mafuta utakuwa umepewa sumu nyingine.

Maswali

1. Upimaji umetumia mililita 4. Lita 10 za mafuta hayo zahitaji kostiki kiasi gani?
2. Thibitisha kwa hesabu ya trioleini kwamba uzito haukupotea.
3. Kwa nini mafuta yenye maji hutoa sabuni nyingi na dizeli kidogo?