Mwili Unaposhtuka: Zifahamu Dawa za Kutuliza Hofu

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikuwa wakichota petroli moto ulipolipuka, na zaidi ya 100 walipoteza maisha. Baada ya tukio kama hilo, aliyenusurika au aliyeshuhudia anaweza kuruka kwa hofu tairi likipasuka au mlango ukibamizwa. Huo si uoga, wala hajarogwa. Mwili wake bado unamlinda.

Mwili hufanya nini?
Sauti ya ghafla ikisikika, misuli hujikaza kabla hujawaza: macho hujifumba, mabega hupanda. Kisha adrenalini huingia kwenye damu. Moyo huenda mbio, jasho hutoka, mikono hutetemeka. Aliye na hofu tayari hushtuka zaidi.

Dawa hufanya nini?
• Diazepamu (Valium) hupunguza kasi ya mawasiliano ya neva katika ubongo. Mshtuko hupungua, misuli hulegea, usingizi huja.
• Propranololi huzuia adrenalini isiuchochee moyo. Mapigo na mtetemeko hupungua, lakini wasiwasi wenyewe waweza kubaki. Haimfai mwenye pumu.
• Fluoksetini humezwa kila siku. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa.

Tahadhari
Diazepamu huutuliza mwili, lakini haiufundishi kwamba hatari imepita. Shirika la Afya Duniani halishauri watu wazima wapewe dawa za jamii hiyo kwa ajili ya mshtuko wa akili katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha.
• Usichanganye diazepamu na pombe, gongo ikiwemo. Waweza kushindwa kupumua.
• Ukiwa umeimeza, usiendeshe bodaboda, wala usishuke na mzigo kwenye njia za utelezi za milimani, kama za Mgeta au Matombo. Mwili uliolegea huchelewa kujiokoa.
• Uliyeitumia kwa muda mrefu, usiiache ghafla. Waweza kupata degedege. Mtaalamu ataipunguza kidogo kidogo.
• Usimpe jirani dawa uliyoandikiwa wewe.

Ufanye nini?
Zungumza na mtu unayemwamini. Punguza kahawa, epuka mirungi. Rejea taratibu mahali unapopaogopa, ukisindikizwa. Mshtuko ukizidi mwezi mmoja, au ukikunyima usingizi na kazi, nenda kituo cha afya kilicho karibu. Ukiwa na wazo la kujidhuru, nenda leo hii.

Ndugu msomaji, usijinunulie dawa ya hofu dukani. Anza kwa kumweleza mtaalamu yaliyokupata.