Tumbawe Pweke la Kilindini na Ushahidi wa Kebo

Matumbawe yajulikanayo zaidi pwani ni yale ya miamba, katika maji yenye joto na mwanga, ambako maelfu ya wanyama wadogo huishi wameungana. Hata hivyo, yako matumbawe yaishiyo kila moja peke yake, katika kilindi chenye giza na baridi. Baadhi ya hayo ni ya jenasi iitwayo Caryophyllia.

Tumbawe pweke ni mnyama mmoja, yaani polipu, akaaye katika kikombe cha chokaa alichojijengea kwa madini yaliyoyeyuka baharini. Matumbawe ya miamba hupata sehemu kubwa ya chakula kutoka kwa mwani mdogo uishio mwilini mwao, nao huhitaji jua. Tumbawe la kilindini halina mwani huo. Hunyosha minyiri yake na kukamata viumbe vidogo viletwavyo na mkondo.

Zamani wengi hawakuamini kuwa kilindini kuna uhai. Edward Forbes wa Uingereza, aliyevua viumbe katika Bahari ya Aegean mwaka 1841 na 1842, aliona vikipungua kadiri kina kilivyoongezeka. Akakisia kwamba chini ya meta 550 hivi uhai hukoma.

Mwaka 1860, katika Atlantiki ya Kaskazini, George Wallich alipandisha kamba ya kupimia kina kutoka meta 2,300 hivi. Viumbe wa jamii ya kiti cha pweza walikuwa wameing'ang'ania. Wenye shaka walisema kuwa huenda waliidaka kamba njiani.

Mwaka huohuo iliopolewa kebo ya telegrafu iliyokatika kati ya Sardinia na Algeria, ambayo ilikuwa imelazwa mwaka 1857. Sehemu zilizotoka zaidi ya meta 2,000 zilikuwa na matumbawe pweke. Alphonse Milne-Edwards wa Ufaransa aliyachunguza, akatangaza matokeo mwaka 1861. Vikombe vilikuwa vimeota juu ya kebo yenyewe na kushikamana nayo. Kiumbe aogeleaye aweza kudaka kamba ipitayo. Kikombe cha chokaa hakijengwi kwa muda mfupi wa kuvuta kebo. Kwa hiyo matumbawe hayo yaliishi na kukua hukohuko chini.

Zoezi: Kwa kutumia miaka iliyotajwa, eleza umri mkubwa kabisa ambao matumbawe hayo yangeweza kuwa nao yalipoopolewa. Toa sababu.