KUISAFISHA SIMU MPAKA HALI YA KIWANDANI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Ukipita Biashara Street hapa Mombasa utaona leso zimetundikwa milangoni mwa maduka. Utaona pia kwamba muuza leso wa leo ana chombo kimoja kisichomtoka mkononi, nacho ni simu. Ndani yake mna namba za wateja, picha za leso mpya, madeni na ujumbe wa M-Pesa. Simu hii ni kompyuta kamili, ila ni ndogo ya kushika mkononi.

Siku ikichakaa huuzwa, na mtu mwingine huinunua ikiwa mtumba. Hapo ndipo penye hatari. Picha za harusi ambazo kina mama walipigwa bila buibui, wakijua wataziona wenyewe kwa wenyewe, zaweza kufika kwa mtu baki. Basi ni lazima tujue jinsi ya kuisafisha simu.

Kwanza, tusichanganye mambo mawili. Kuzima simu na kuiwasha huondoa kazi zilizokuwa zikiendelea tu. Picha na namba hubaki. Simu ikiganda, anza na hilo. Kuirejesha hali ya kiwandani ni jambo jingine: vitu vyako vyote hufutwa. Tofauti hii ni ya zamani. Kompyuta ya mkononi iitwayo Pilot, iliyotolewa na Palm huko Marekani mwaka 1996, ilikuwa na kitundu mgongoni. Ukikidunga kwa ncha ya kibanio cha karatasi, iliwaka upya na kumbukumbu zikabaki. Ukikidunga huku umebonyeza kitufe cha kuwashia, ilikuuliza kama wataka kufuta kila kitu.

Sasa tutumie mfano wa leso. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina. Kumbukumbu ya simu nayo ina sehemu. Mfumo uliowekwa kiwandani ni kama pindo. Vitu ulivyoweka wewe ni kama mji ulio katikati. Kuirejesha simu ni kuufuta mji na kuliacha pindo. Je, jina? Jina ni akaunti yako. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu ikifutwa kwa vitufe vya pembeni bila akaunti kutolewa, ikiwaka yaweza kumwuliza mtumiaji mpya akaunti ya mwanzo. Ulinzi huu uliwekwa kumzuia mwizi, lakini hata aliyenunua kwa haki hukwama nao.

Kwa hivyo fuata utaratibu huu:

1. Chaji simu vizuri, isije ikazimika katikati ya kazi.
2. Nakili namba, picha na hesabu mahali pengine. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Madeni ya duka yaandike kitabuni pia.
3. Ingia kwenye mipangilio, uitoe akaunti yako.
4. Toa laini na kadi ya kumbukumbu. Mara nyingi kadi haifutwi pamoja na simu, na wengi huuza simu kadi ikiwa ndani.
5. Katika mipangilio, tafuta mahali pa kurejesha mipangilio ya kiwandani, kisha ukubali. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya simu na simu.
6. Iwashe mbele ya mnunuzi. Ikimkaribisha kama mgeni na isiulize akaunti wala namba ya siri ya mtu, kazi imekamilika.

Mtu atauliza, "Na pesa zangu za M-Pesa je?" Hizo hazipotei. Pesa hazimo ndani ya simu. Ziko katika hesabu yako kwa Safaricom, na laini ndiyo ufunguo. Kinachofutika ni ujumbe uliohifadhiwa kwenye simu.

Swali la mwisho: je, hali ya kiwandani ni safi siku zote? La. Mwaka 2019 ilijulikana programu mbaya iitwayo xHelper, ambayo ilirudi hata baada ya simu kufutwa, kwa kuwa ilikuwa imejipenyeza katika sehemu ya mfumo. Doa likishaingia kwenye pindo, kuosha mji hakusaidii. Simu ya namna hiyo hutaka fundi aupakie mfumo wote upya.

Basi wenzangu, anayenunua mtumba na aisafishe simu kabla ya kuandika namba yake ya siri, na anayeuza na aisafishe kabla ya kupokea pesa. Ukishaipeana simu, vilivyomo ndani umevipeana pia. Tahadhari kabla ya hatari.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Kuna tofauti gani kati ya kuiwasha simu upya na kuirejesha hali ya kiwandani?
(b) Taja vitu viwili vinavyotolewa kwa mkono kabla ya kuuza simu.
(c) Kwa nini pesa za M-Pesa hazifutiki?