Ng'ombe Anapokataa Pumba Baada ya Kuzaa: Somo juu ya Ketosisi



Mkaguzi wa ushirika hukutana na mambo mengi ambayo si hesabu peke yake. Miaka kadhaa iliyopita, nikikagua kitabu cha mapokezi ya maziwa cha chama kimoja cha msingi katika miteremko ya Kilimanjaro, niliona jina la mwanachama aliyekuwa akileta lita 14 kwa siku. Kwa muda wa siku chache zikawa 9, kisha 5, kisha jina lake likakoma. Nilipouliza, niliambiwa kwamba ng'ombe wake, aliyenunuliwa kwa mkopo, alizaa salama, akakataa pumba, kisha akaanza kulamba ukuta na kutafuna mbao za banda. Majirani wakasema amerogwa. Akauzwa kwa mchinjaji kwa bei ya hasara, na deni likabaki.

Nilipomsimulia daktari wa mifugo habari hiyo, alinieleza kwamba dalili zile ni za ketosisi, ugonjwa unaotibika ukigunduliwa mapema. Haya yafuatayo nimejifunza kwake na kwa wataalamu wenzake.

1. Ugonjwa huu hutokeaje?

Sukari iliyomo katika maziwa hutengenezwa kutokana na glukosi ya damu. Lita 15 za maziwa zina karibu gramu 700 za sukari hiyo. Baada ya kuzaa, maziwa hupanda upesi kuliko hamu ya kula. Ili kuziba pengo hilo, ng'ombe huyeyusha mafuta ya mwili wake. Mafuta hayo yakizidi uwezo wa ini, huzaa vitu viitwavyo ketoni, navyo vikijaa katika damu humwondolea mnyama hamu ya kula. Amekuwa kama chama kinacholipia gharama za kila siku kwa kula akiba yake.

Ugonjwa huu huonekana zaidi katika wiki 6 za kwanza baada ya kuzaa. Huwashika hasa ng'ombe watoao maziwa mengi, walionenepa mno kabla ya kuzaa, na wale wanaoshibishwa vyakula visivyo na nguvu. Tukumbuke kwamba shina la mgomba, tunalolitegemea wakati wa kiangazi, kwa sehemu kubwa ni maji.

2. Dalili

(a) Ng'ombe hukataa pumba na mashudu kwanza, ingawa huendelea kula majani makavu.
(b) Maziwa hupungua, na mnyama hukonda upesi.
(c) Kinyesi huwa kikavu na kigumu.
(d) Pumzi, na pengine maziwa, hunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi au dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Si kila mtu awezaye kuisikia harufu hiyo.
(e) Wengine hulambalamba vitu, hutafuna mbao, huyumba au huzunguka.

Kwa kawaida hakuna homa. Kipimajoto kikionyesha joto kali na tezi zimevimba, fikiri ndigana kali. Ng'ombe akianguka na masikio yakawa baridi ndani ya siku 3 za kuzaa, yaelekea ni homa ya maziwa, ambayo ni upungufu wa kalisi. Na mnyama aliyebadilika tabia asitiwe mkono kinywani kabla daktari hajaondoa shaka ya kichaa cha mbwa.

Hakika hupatikana kwa kupima maziwa, mkojo au tone la damu. Kwa kuwa ketosisi yaweza kufuatia maradhi mengine, kama ugonjwa wa kiwele au kondo la nyuma kubaki, daktari hana budi kumchunguza mnyama mzima.

3. Tiba

Daktari huweza kuingiza glukosi kwenye mshipa, aghalabu mililita 500 za dawa ya asilimia 50. Nafuu yake huja upesi lakini haidumu. Kwa hiyo hufuatishwa na propaileni glaikoli, kiasi cha mililita 300 mara moja kwa siku kwa siku 3 hadi 5. Dawa hiyo inyweshwe polepole, kichwa kisiinuliwe mno, isije ikaingia mapafuni. Daktari akitoa sindano yoyote, aulizwe maziwa yazuiliwe kwa siku ngapi.

Kumnywesha ng'ombe sukari ya dukani si tiba. Sukari hiyo huchachuka tumboni kabla haijafika kwenye damu, na siku zinapita bure.

4. Kinga

Ng'ombe akaushwe siku 60 kabla ya kuzaa, asiwe amekonda wala kunenepa mno. Wiki 2 au 3 kabla ya kuzaa, azoeshwe pumba kidogo kidogo. Akiisha kuzaa, pumba ziongezwe hatua kwa hatua, apewe majani mazuri, na maji safi yawepo usiku na mchana.

Wafugaji wa mbuzi na kondoo nao wajihadhari. Kwao shida kama hii huja kabla ya kuzaa, katika wiki za mwisho za mimba, hasa kwa aliyebeba pacha. Aliyezubaa na kukataa chakula wakati huo apelekewe daktari siku hiyo hiyo.

5. Wajibu wa chama

Ndugu Katibu, kitabu chako cha mapokezi huona ugonjwa kabla ya mwenye ng'ombe kukiri. Andika tarehe ya kuzaa mbele ya jina la kila mwanachama. Katika wiki 6 za kwanza, maziwa yakishuka siku 2 mfululizo, usingoje mwisho wa mwezi: muulize mwenyewe kama ng'ombe anakula pumba, kisha mwite bwana mifugo. Kalamu yako yaweza kumwokoa ng'ombe na mkopo wake.

Maswali ya kujadili mkutanoni

1. Ni ng'ombe wangapi wa wanachama wetu watazaa katika miezi 2 ijayo, na wanakula nini sasa?
2. Nani atakayemwita daktari, na gharama italipwaje mwanachama akiwa hana fedha taslimu?