SOMO: MATUNZO YA GARI LA CHAMA
Taa za nyuma za gari dogo lililotumika

Gari dogo la chama cha msingi, mara nyingi, ni gari lililokwisha kutumika miaka mingi kabla ya kufika mikononi mwa wanachama. Huwa ni kirikuu ya Suzuki Carry, au Toyota Corolla ya zamani iliyopita kwa wenyewe wawili watatu. Gari la namna hiyo likitunzwa laweza kukitumikia chama kwa muda mrefu. Jambo linalosahauliwa zaidi katika matunzo yake ni taa za nyuma, na sababu yake ni nyepesi kuieleza: dereva hazioni. Taa ya mbele ikizimika hujulikana papo hapo, kwa kuwa njia huwa giza. Taa ya nyuma yaweza kufa mwezi mzima bila ya yeyote garini kuwa na habari, maana anayeihitaji ni yule anayefuata nyuma.

Katika mkoa wa Mtwara jambo hili lina uzito wake. Msimu wa korosho huanza mwezi wa Oktoba, na katibu anayetoka mnadani au benki mara nyingi hurudi jioni. Kufikia saa 1 usiku giza limekwisha kutanda, na barabara ya kwenda Masasi ina malori yaliyosheheni magunia. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Dereva wake akikosa kuiona taa nyekundu ya kirikuu iliyopunguza mwendo mbele yake, sekunde mbili za kusitasita zimekwisha kula mita 44 kabla hajakanyaga breki. Waliomo katika kirikuu hiyo ni viongozi na wanachama wa chama.

Inafaa kwanza kufahamu jinsi taa hiyo ifanyavyo kazi. Katika magari mengi ya zamani balbu ya nyuma ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja. Uzi mdogo ni wa wati 5, nao huwaka taa za usiku zinapowashwa. Uzi mkubwa ni wa wati 21, nao huwaka breki inapokanyagwa. Kwa umeme wa volti 12 uzi mkubwa hula karibu ampea 1.75, na mdogo haufiki hata nusu ampea. Umeme ukishapita katika uzi hurudi kwenye betri kwa njia ya waya wa ardhi uliofungwa kwenye chuma cha gari. Balbu ni ya kulaumiwa mara chache kuliko inavyodhaniwa. Ugonjwa mkubwa wa pwani umo katika njia hii ya kurudi.

Hewa ya chumvi, kwa magari yanayolala Mikindani au yanayokwenda Msimbati, huishambulia shaba na kuacha kutu ya kijani ndani ya soketi, na huila bodi pale waya wa ardhi ulipofungwa. Umeme hupita kwa taabu, taa hufifia. Volti zikipungua sehemu moja ya kumi, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30; kwa hiyo taa yaweza kuwa inawaka na bado isitoshe kuonekana kwa mbali. Dalili iliyo wazi kabisa ni hii: breki inapokanyagwa, taa nyingine ya upande uleule, kama vile indiketa, nayo huwaka kwa unyonge. Umeme umekosa njia yake ya ardhi, unatafuta nyingine kwa kupitia balbu za jirani. Wako wanaobadilisha balbu tatu mfululizo kwa ugonjwa huu, na fedha ya chama hupotea bure. Dawa yake ni kufungua skrubu ya waya wa ardhi, kukwangua chuma kwa msasa mpaka king'ae, kukaza upya, kisha kupaka grisi kidogo kwa juu ili chumvi isirudi. Soketi nayo husafishwa kwa msasa mwembamba, taa zikiwa zimezimwa na waya wa betri umeondolewa.

Taa zote mbili za breki zikifa pamoja huku taa za usiku zinawaka, kwanza hutazamwa fyuzi, kisha swichi iliyopo juu ya pedali ya breki. Hata hivyo balbu zisiachwe bila kukaguliwa: huenda ya kwanza iliungua zamani bila kuonekana, na leo imefuata ya pili. Fyuzi inayokatika kila inaporudishwa inaonyesha kwamba kuna waya uliochubuka na kugusa chuma. Katika kirikuu nyaya hizo hupita chini ya kitanda cha mizigo, penye mchanga na tope. Katika gari lenye mlango wa nyuma hukatikia penye bawaba. Kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kulikaribisha moto ndani ya gari, na dereva afanyaye hivyo hastahili kukabidhiwa ufunguo.

Balbu mpya na ilingane na ile ya zamani kwa volti, wati na umbo. Zile za kitako cha duara zenye nyuzi mbili zina vishikizo viwili visivyolingana kimo, makusudi ziingie kwa upande mmoja tu. Ikisukumwa kwa nguvu kinyume, uzi wa breki na wa usiku hubadilishana kazi. Balbu yenye wati nyingi zaidi haiongezi usalama. Huyeyusha soketi na kioo cha plastiki.

Kioo chekundu kilichopasuka huvujisha mwanga mweupe, na anayefuata usiku aweza kudhani ni gari linalorudi nyuma au linalomjia. Utepe mwekundu ni wa kufikia nyumbani tu. Taa nzima ikibidi kununuliwa, hata iliyotumika, namba iliyochapwa kwenye kioo cha ile ya zamani ilinganishwe na ya dukani, na upande wa kulia usichanganywe na wa kushoto. Wakati wa kufunga, mpira wa kuzuia maji uwekwe mahali pake, lakini tundu dogo la chini la kutolea maji lisizibwe kwa gundi, kama wafanyavyo mafundi wenye haraka. Katika kirikuu taa zipo chini ya kitanda, basi turubai na kamba za mizigo zisiachwe zikaning'inia mbele yake.

Dereva aliye peke yake hana udhuru. Na arudishe gari nyuma karibu na ukuta wa ghala jioni, akanyage breki na kutazama katika kioo: ukuta utamwonyesha wekundu wa pande mbili, au wa upande mmoja.

Kwa upande wa katibu, balbu mbili za nyuzi mbili na fyuzi chache ziwe katika akiba ya chama na ziandikwe katika daftari la vifaa. Balbu iliyoungua irudishwe ofisini ndipo nyingine itolewe. Stakabadhi ya fundi itaje kifaa, upande kilikofungwa na malipo ya kazi, kila kimoja kwa bei yake, kwani neno "matengenezo" pekee halimwambii mkaguzi chochote. Na katika daftari la safari iongezwe safu moja, ambamo dereva ataandika kabla ya kuondoka kwamba taa za nyuma zimekaguliwa, na aliyesimama nyuma ya gari kuzitazama atie sahihi yake.